Wati za Kaka

Mwashi mstaafu alikuwa amefungua gazeti ndani ya treni, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Huko seremala aliyepakata gurudumu la baiskeli alikuwa akimlalamikia mkufunzi wa mbio ambaye ndio kwanza wamejuana.

"Dada, miguu imekwisha, na mchujo wa timu ni Jumapili. Hata siku ya mazoezi mepesi nakanyaga nguvu ya wati mia mbili, kama kifaa cha baiskeli kinavyoniagiza, mpaka naona nyota."

"Mazoezi mepesi unapiga soga huku unaendesha," alisema mkufunzi. "Kifaa hupanga ngazi zote za mazoezi kutokana na nguvu unayoweza kuishikilia saa nzima. Uliingiza ngapi?"

"Ya kaka yangu. Tumetoka tumbo moja."

Mwashi alikohoa kuficha kicheko. Yeye na pacha wake hawajawahi kuazimana hata viatu.

"Basi mazoezi mepesi ya kaka yako ndiyo mbio zako. Jipime mwenyewe, upunguze namba, upumzike."

"Nipunguze, halafu anicheke mezani?"

"Jumapili anashindana nani?"

"Mimi. Kwa namba za kwetu."

Treni ikasimama. Seremala alishuka, akapanda ngazi za kituo mbili mbili kwa madaha. Kwenye ya nane alishika ukuta, akajifanya anasoma tangazo.