Nyuzi za Mdogo Wangu na Swichi ya Joto

Kitendawili! Nawasikia huko mliko, mmesema tega. Haya: nyumba yangu haina miguu wala magurudumu, lakini inahama. Mbele inajengwa, nyuma inabomolewa. Shikeni hapo hapo. Mji mtanipa baadaye.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa maabara aliyetutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Miaka thelathini na mitatu alichungulia seli kwenye hadubini. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: fundi wa maabara, miaka sitini na mmoja. Na huyo fundi ni mdogo wangu, tumbo moja. Kwa hiyo leo mtanivumilia.

Nyumbani tulimwita Macho, maana tangu utotoni hakuna kitu alichokiacha bila kukikodolea. Mimi niliishia darasa la saba, nikakaa kwenye cherehani. Yeye akaendelea. Akaendelea tena. Nami nikamwonea wivu, wasikilizaji, wivu wa kujaza pipa na mwingine ukamwagika.

Mama yetu alikuwa na picha moja tu ya fremu sebuleni. Ya harusi yangu. Siku moja naingia, harusi yangu imehamia jikoni, karibu na kabati la vyombo. Sebuleni pametundikwa picha ya seli aliyoipiga Macho. Doa la kijani lenye michirizi!

"Mama," nikasema, "hili nalo ni mjukuu?"

"Usinichekeshe. Hiyo imetoka kwenye kitabu cha wataalamu. Wewe umewahi kutoka kwenye kitabu gani?"

Nikaenda jikoni kuifuta harusi yangu masizi. 

Macho mwenyewe hakuwa na maringo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Siku sindano iliponitoboa kidole, alinishika mkono akasema, "Dada, hapo ndani seli zinatambaa kuja kuziba kidonda."

"Zinatambaa kwa miguu gani?"

Akachota shanga kwenye boksi langu la kushonea. "Ndani ya seli kuna chembe za protini, kama hizi. Zinaungana moja baada ya nyingine, zinakuwa uzi. Uzi unarefuka kwa mbele, unasukuma ngozi ya seli, ukingo unasogea. Kule nyuma nyuzi zinavutana, mkia unafuata. Uzi uliokwisha kazi unafumuka, shanga zake zinarudi kujenga mwingine."

"Hazitupi hata moja?"

"Wewe ukifumua sweta unatupa uzi?"

Nikaelewa. Na nilichukia kwamba nimeelewa, maana lilikuwa jambo zuri, na lilikuwa lake.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu kwa miaka ishirini na miwili.

Macho alitualika maabara, mimi na Mama. Alikuwa ameotesha seli kwenye kisahani, zimejaa kama zulia. Katikati alikwaruza mstari mwembamba. Kisha hadubini ikawa inapiga picha, moja kila dakika kumi, ili aone seli zinavyotambaa kuziba mstari ule. Kisahani kilikaa ndani ya kisanduku chenye joto kama la mwili. Kikipoa, nyuzi hazirefuki sawasawa, na seli zinasimama. Alituambia yote hayo. Nilisikia vizuri sana.

Akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta picha zikikimbizwa, seli zinatambaa. Mama akalia. "Mwanangu," akamwambia, "wewe umenizidishia umri." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimevaa gauni nililolishona sare na la Mama. Hakuna aliyelitazama.

Macho akamchukua Mama kwenda kumsalimu mkubwa wa kazi. Nikabaki peke yangu. Swichi ya kisanduku ilikuwa na taa nyekundu.

Nikaizima.

Sikutaka kuua kitu. Nilitaka tu Mama akirudi azikute zimegoma. Wakakaa huko kama saa nzima. Waliporudi, Mama akachungulia picha mpya. "Mbona zimelala?"

Macho akatazama kioo. Akatazama swichi. Akaiwasha. Kisha akacheka kidogo. "Zimechoka, Mama. Hata wewe umechoka, twende nikupe chai."

Kazi ya wiki nzima iliharibika. Alianza upya kuotesha. Nilijiambia amedhani swichi ilijizima. Kila sikukuu nilitaka kumwambia. Kila sikukuu nikasema, mwakani.

Jumamosi baada ya mazishi, binti yake alikuja kwangu na daftari. "Mama mkubwa, hili nimelikuta kwenye droo yake. Kuna ukurasa unakuhusu."

Mwandiko wa Macho, tarehe ya siku ile ile. "Saa tano na nusu, joto limezimwa. Dada yangu ana uchungu, nami sikuuona. Majaribio yarudiwe. Asiulizwe."

Chini yake: "Gauni la Mama lilikuwa zuri mno. Sikusema."

Nikasoma mara tatu. Na mnajua nilichohisi kwanza? Wivu! Hata kwa kusamehe ameniacha nyuma. Machozi yalikuja baadaye, na mpaka leo hayajakatika vizuri.

Shemeji yangu, pole. Mwanangu uliyeniletea daftari, pole. Wenzake wa maabara, poleni, na asanteni kwa kusimama na sisi makaburini.

Haya, mmenipa mji, nimekwenda nimekula nimeshiba. Jibu ni seli. Inajenga mbele, inabomoa nyuma, na inafika.

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna swichi uliyowahi kumzimia ndugu yako, nyanyua simu sasa hivi umwambie, akiwa bado anasikia. Mimi nimelazimika kumwambia wangu kupitia redio, na yeye redio hana.