Chukudu ya Muzee Kamate na Goti la Mama

Jumapili moja ya mwaka 1988 tulikuwa chumbani hivi: baba mukwe wangu Muzee Kamate Wenceslas kitandani, mama mukwe wangu Ernestine pembeni yake, bwana yangu Paulin, Muzee Ndayambaje aliyetoka Kibumba kwa miguu, na mimi Marie-Louise na mutoto wangu Valérie akinyonya. Muzee Kamate alisema:

“Kaeni, watoto wangu. Ndayambaje, wewe ukae wa kwanza, kwa sababu tumezaliwa mwaka mumoja, na ni miaka kumi na mbili unakuja kila Jumapili kunionyesha miguu yako, mimi nisiyeweza kutembea. Lakini nisife na uongo: kila mara ulileta viazi, ukavimenya wewe mwenyewe, ukakaa mpaka vikaiva.

“Paulin, kila Bonane, mwaka mupya ukianza, ulipiga magoti ukaomba Mungu amuongezee Papa miaka. Alikusikia. Miaka alileta mingi, lakini ulisahau kuniombea miguu. Nimeishi miaka themanini na mbili. Sabini ilikuwa yangu, kumi na mbili ilikuwa ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Nimeenda misa nimelala juu ya mbao kama gunia la makala ya kupikia, na siku ya Pasaka breki ilikataa kwenye muteremuko, nikaingia sokoni Kituku katikati ya samaki wadogo wa sambaza, mama mumoja akauliza bei yangu.

“Na kosa ni langu. Nilibeba viazi mugongoni toka Kibumba hata nikiwa na mvi, nikicheka watu wa chukudu kwamba ni wavivu. Ndayambaje alipakia vyake, akasukuma polepole akipiga muluzi. Nilifika mbele yake kila mara. Leo muangalie nani amekaa na nani amelala.

“Sasa neno lenyewe. Shamba mutalilima pamoja, hapo sina wasiwasi. Chukudu, Paulin, najua unaitaka kwa biashara yako, lakini ni ya mama yako. Kila asubuhi anapanda toka ziwani juu ya mawe ya volkano, bidon ya maji kichwani, na anasema goti linamusumbua kidogo tu. Langu lilianza hivyo, kidogo tu. Wewe Paulin utasukuma maji yake kwanza, bidon mbili, kisha uende na viazi vyako. Ernestine, usikatae. Nimekuona umefungua mudomo.

“Marie-Louise, ulipokuwa unaniogesha ulitazama dirishani ukinipigia habari za bei ya makayabo, samaki wa chumvi, ili nisisikie haya. Nilijua, mama. Redio yangu ni yako, ukumbuke kuipiga kofi ndipo iseme.

“Bonane inayokuja, musimuombee mama yenu miaka peke yake. Muombe atembee. Na mukimaliza kuomba... mubebe bidon. Mulete Valérie. Muniinulie mukono, siuwezi. Hapo, juu ya kichwa chake. Mungu awape uzee... wenye kwenda chooni peke yake. Amina. Ndayambaje, usiende. Kaa... kidogo.”

Ndayambaje alikaa mpaka Jumanne, siku Muzee alipokufa. Juma lililofuata Paulin alisukuma chukudu toka ziwani Kituku na bidon mbili za maji, akipumzika mara nne njiani. Mama alimufuata nyuma mikono mitupu, akamupita, akafika nyumbani mbele yake.