Maneno Yanayokwama Kilwa

Benchi la Mama Emilienne, muuza kahawa, lilikuwa nyuma ya soko la samaki la Nchelenge, pale rezo, yaani mtandao wa simu, inapokamata vizuri. Asubuhi ile Cadette alikuwa ameketi mwisho wake, kompyuta mapajani, simu pembeni. Alitoka Mantapala, kambi ya wakimbizi, kwa minibasi ya kwanza. Wachuuzi wa samaki walikuwa wamempa kazi ya kutengeneza ukurasa wa mtandaoni ambamo mnunuzi wa huku na muuzaji wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa na ya mpaka, wanaandikiana papo kwa papo. Kule Kilwa alikuwako Stéphane, fundi mwenzake, ambaye Cadette alikuwa hajawahi kumwona kwa macho. Miezi yote ya kazi hiyo walijuana kwa maneno ya majaribio tu: "Unaniona?" "Nakuona." Lakini Cadette aliyasoma maneno hayo mara mbili mbili, na njia nzima ya kurudi Mantapala aliyarudia kichwani.

Tatizo lilikuwa moja. Maneno ya Stéphane hayakufika mpaka Cadette aandike kwanza. Akinyamaza, nayo kimya. Akiandika hata herufi moja, yanamwagika yote kwa pamoja.

— Ile ni upepo, alisema Papa Fabien, fundi wa redio waliyemwita Antena. Upepo ya ziwa inasukuma rezo, inairudisha Kilwa.

— Upepo gani? alimkata Jean-Claude. Huyu walimwita Visa, maana kila jambo alilimalizia mpakani. Maneno inavuka mupaka bila makaratasi! Banaikamata pale katikati ya mayi.

— Ba nani? aliuliza Antena.

— Bale ba satelite. Banaisoma kwanza. Kama ni ya mapendo, banacheka, njo banaiachilia.

— Basi mi nasema ni samaki! alisema Antena. Kuko samaki moya munene kule chini, iko na umeme. Inameza maneno.

— Na inaitapika wakati Cadette anaandika?

— Njo vile! Inajua mukono ya mwanamuke.

Benchi zima likacheka. Mama Emilienne akamwongezea Cadette kahawa.

— Mutoto, baache bale. We unaona nini?

— Ni seva yetu ya mbele, Mama. Njo inapokea maneno ya huku na ya kule, inapitisha. Lakini inageukia kwangu, inangoja niseme, na wakati inangoja, haimusikie mwenzangu. Nataka isikilize pande mbili mara moya.

Alibadilisha mistari michache, akaiwasha seva upya, akamwandikia Stéphane: "Mimi nanyamaza. Andika wewe." Kisha akakunja mikono kifuani asije akagusa kitu. Antena na Visa nao wakakunja yao, kama kwamba wangeharibu.

Simu ikatetemeka. "Moja."

Ikatetemeka tena. "Mbili."

Halafu, bila yeye kugusa chochote: "Cadette, imefika? Cadette!"

Visa aliruka, kahawa ikamwagikia suruali yake. Cadette alicheka hadi machozi, kisha kicheko kikamwishia njiani. Kazi imekwisha. Kuanzia kesho, hana sababu ya kumuuliza mtu kama anamwona.

Felistus, Mzambia muuza vitumbua, alikuwa ndiyo kwanza anafika, beseni kichwani, na Kiswahili chake cha sokoni.

— Ni nani uyu, mukwai? aliuliza kwa heshima, akiitazama simu.

— Stéphane, wa Kilwa.

— Kilwa? Boti si iko kila siku? Sasa anakuya lini?

Cadette hakuweza kuvuka. Aliyoyakimbia kule yalikuwa bado yako. Stéphane angeweza. Na hakuna aliyewahi kumuuliza, hata Cadette mwenyewe. Akaandika swali la Felistus: "Unakuja lini?"

Alama ikaonyesha kwamba Stéphane ameyasoma.

Walingoja jibu. Vitumbua vilinunuliwa, vikaliwa. Mwisho Visa akamwinamia Cadette.

— Andika tena kidogo, mama. Labda imekwama, utaivuta.

— Hapana, Papa. Haikwame tena. Sasa inapita yenyewe.

Antena akatazama ziwani.

Mama Emilienne aliinamisha birika, likatoa mashapo tu. Wanaume wakainuka mmoja mmoja, kila mmoja akampa Cadette mkono, kama wanavyofanya wakitoka nyumba yenye mgonjwa. Yeye akabaki ameegemea ukuta wa soko, na kila mara mwanga wa simu ulipotaka kuzimika, aliigusa kwa kidole ili iwake.