Fundi Bomba na Kazi Zetu za Shule

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutushika mkono, familia imenituma mimi, mjukuu wake wa kwanza, niwasomee maisha ya babu yetu, fundi bomba, ambaye wengi wenu mlimwita Robo Tatu.

Babu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mwashi, akaanza shule mwaka 1959 na kuishia darasa la nne, baba yake alipovunjika nyonga na mikono ya kazi ikahitajika nyumbani. Tarehe 2 Mei 1973 aliajiriwa idara ya maji, akafunga mabomba kwa miaka thelathini na mitatu, na huko ndiko alikopata jina, kwa kuwa aliutambua upana wa bomba kwa kulipapasa tu, akasema, "Hili ni robo tatu ya inchi."

Alifunga ndoa na bibi tarehe 4 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wawili, mjomba wetu aliyepo hapa, na mama yetu, aliyefariki tarehe 20 Juni 2013, bibi akiwa ameshatangulia, akamwachia babu msichana wa miaka sita na kichanga cha miezi mitano.

Kila jioni babu alifuta meza ya jikoni, akavaa miwani, akakaa nami tufanye kazi za shule, na tulipofika kwenye hesabu za sehemu alikuwa mfalme, akinikatia vipande vya bomba, nusu na robo tatu, nivipange mezani. Darasa la sita, mwaka 2019, zikaja hesabu za kutafuta x, akaikodolea macho ile herufi, akauliza, "Hii nayo imepotea njia?" tukacheka, kisha akajaribu kwa akili yake yote, nami kesho yake nikaliandika jibu lake ubaoni, darasa zima likaangua kicheko. Nilirudi nikamwambia, "Babu, naomba usinisaidie tena," naye akasema, "Sawa, mama," akavua miwani.

Bila kuniambia alikwenda kumwomba mwalimu wangu wa hesabu amfundishe yeye, akahudhuria Jumamosi nne, magoti yakigoma kuingia chini ya dawati, mpaka akakiri, "Mwalimu, ukiwepo naelewa, nikifika getini somo limeshanitoka." Mtihani nilifeli, akaishika ripoti yangu kwa muda mrefu, akasema kosa ni lake, nami, Mungu anisamehe, sikumbishia.

Tarehe 3 Septemba 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala, sauti ikapotea, na mtaalamu wa mazoezi ya kusema akawa anatupatia karatasi ya maneno kila wiki. Tulikaa naye, tukimtamkia "maji", "kiti", "mlango", naye alifungua mdomo, hakitoki kitu, machozi yakamshuka, nami kwa kutojua la kufanya nikaendelea kusoma orodha. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliotupikia, mafundi wenzake mliochimba kaburi, na mwalimu, aliyeniambia habari za zile Jumamosi juzi tu, hapa msibani.

Mdogo wangu sasa yuko darasa la sita, ana hesabu za kukabidhi Jumatatu, jana akanisogezea daftari, nikalitazama, nikaiona ile x, nikamrudishia bila kumsaidia.

Babu, umechoka, lala kwa amani.