Majoka Yaliyopigwa Pini

Asubuhi ile kwenye treni, baba mmoja mwenye tai na kitambulisho cha mkaguzi wa hesabu alikaa mbele yangu akibana kurasa za kitabu cha katuni kwa stepla. Nesi aliyekuwa ubavuni mwake alivumilia vituo viwili, kisha akauliza, "Kaka, hicho kitabu kimekukosea nini?"

"Ni cha binti yangu, ana miaka kumi na mitatu. Majoka, wachawi, watoto wanaopaa! Takataka tupu. Nabana penye uchawi, asome panapobaki." Nilichungulia. Palibaki jalada na shukrani za mchoraji.

"Cha kwanza nilikibana hivihivi," akaendelea, "na bado amenililia nimnunulie hiki cha pili. Eti hana raha mpaka ajue kama malkia aliyegeuzwa jiwe atapona."

"Na aligeuzwa jiwe sehemu gani ya kitabu cha kwanza?" nesi akauliza. "Katikati, kwenye uchawi mtupu. Pale nilipiga pini nne nne." "Hazijawahi kung'oka?" "Thubutu! Nazikagua kila jioni. Zimekaa sawa kuliko nilivyozipiga mwenyewe." Alisema hivyo kwa fahari, nami nikazionea huruma hesabu za ofisi yake.

Nesi alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyejitibu mwenyewe. "Na hiyo stepla, kaka, nyumbani unaiweka wapi?"

"Mezani, anaposomea binti," akajibu bila wasiwasi wowote, akapiga pini ya mwisho, na treni ikasimama.