Muhuri wa "Amepona"

Risala ya Kikundi cha Kitunguu, wazazi wa watoto waliopasuliwa masikio, siku ya kuzinduliwa darubini mpya ya chumba cha upasuaji

Mgeni rasmi, kelele ulizozisikia ukishuka kwenye gari zilikuwa zetu sisi, si za wagonjwa.

"Futa hapo," mwenyekiti wetu, fundi viatu, alikuwa akisema. "Andika watoto wote wamepona. Mgeni afurahi, tunywe soda, twende zetu."

"Hawajapona. Wamepasuliwa," akajibu katibu.

"Mama, wewe mbishi! Kidonda kimefunga, usaha umekauka. Unataka nini tena?"

"Nataka wewe ushone viatu, mimi niandike."

Ugomvi huo uliishaje, tutakuambia mwishoni. Anayekusomea ndiye huyo katibu. Kwa kuwa risala haina "mimi", habari zake zitasomwa kama za mtu mwingine. Sauti ikitetemeka, mvumilie.

KARIBU

Tunakukaribisha wewe na msafara wako. Viti mlivyokalia ni vya kliniki ya masikio. Tumevikalia miaka mitatu, kwa hiyo tunajua kile cha pili kutoka mlangoni kina mguu mbovu. Tumehakikisha hujapewa.

TULIKOTOKA

Sisi ni familia kumi na moja. Kila moja ilikuwa na mtoto anayetoka usaha sikioni, wenye harufu ya kukimbiza watu. Tukaambiwa ni maji ya kuoga, ni uchafu, ni meno yanaota. Tulitia matone, tukatia mafuta ya uvuguvugu, tukatia kila tulichoshauriwa na jirani. Binti wa katibu, wa miaka tisa, alihamishiwa dawati la mbele na bado hakusikia. Wenzake wakambatiza Hebu Rudia, maana ndilo neno alilokuwa nalo kutwa.

Daktari wa hapa ndiye aliyetufungua macho. Ngozi inayotakiwa kukaa nje imeingia nyuma ya ngoma ya sikio, ikajikusanya tabaka juu ya tabaka, sasa inakula mfupa. "Ni kama kitunguu," alisema. Mwenyekiti akarudi nyumbani akapiga marufuku vitunguu. Mwezi mzima mkewe alipika mboga zisizo na ladha, na sikio la mtoto likaendelea kuvuja. Jina la kikundi lilitokea hapo. Mwenyewe ameridhia lisomwe.

TULICHOPATA

Watoto wote kumi na mmoja wamepasuliwa. Daktari hufungua nyuma ya sikio, akauchimba mfupa kwa mashine nyembamba kama kalamu, huku akiukwepa mshipa wa fahamu unaochezesha uso. Kazi hiyo ameifanya kwa darubini kuukuu iliyofungwa plasta shingoni, na hakuna mtoto hata mmoja aliyepinda mdomo. Daktari, nesi, asanteni. Tukiongeza neno katibu atalia, na alishasema halii mbele za watu.

TATIZO LETU

Ni neno moja. Kidonda kikifunga, masjala wanagonga muhuri kwenye faili: AMEPONA. Faili linapanda stoo ghorofani, na mtoto hatafutwi tena. Lakini daktari alimwambia kila mzazi kwa mdomo: mrudishe baada ya mwaka, nifungue niangalie tena. Punje ndogo ya ngozi hiyo ikibaki huota kimyakimya, bila usaha wala maumivu.

Katibu alirudi tarehe yake. Karani akamgeuzia faili.

"Mama, mwanao amepona. Imeandikwa hapa."

"Kusoma najua, mwanangu. Aliyeandika ameangalia sikio?"

"Mimi naangalia muhuri."

"Haya, mpe huo muhuri kitanda. Mimi natafuta cha mwanangu."

Nesi akaingilia kati, Hebu Rudia akaingizwa chumba cha upasuaji. Katibu alikaa kwenye benchi la korido na viatu vya mtoto mapajani, akifungua kamba na kuzifunga upya, hajui mara ngapi. Daktari alitoka na kichupa. Ndani mlikuwa na punje nyeupe, ukubwa wa chembe ya mchele.

"Ilikuwa imelala juu ya mshipa wa uso," alisema. "Imetoka yote. Nimemwekea na kipande cha mfupa cha kupitishia sauti, huenda akasikia zaidi."

Katibu alisema asante, akamalizia kufunga kamba za viatu.

Wiki iliyopita alikuwa jikoni akimnong'onezea dada yake habari za mama mkwe. Ikaja sauti kutoka chumbani: "Mama, bibi amefanya nini tena?" Katibu hajawahi kufurahi hivyo kwa kuumbuliwa.

TUNACHOOMBA

Hatuombi jengo. Tunaomba muhuri mwingine, usomeke: AMEPASULIWA, ARUDI TAREHE, na mbele yake pawe na nafasi ya kuandika. Na kila mwezi siku moja ya darubini hii unayoizindua iwe ya wanaorudi. Watoto wanne kati ya kumi na mmoja tarehe zao zimeshapita. Mmoja ni kitinda mimba wa mwenyekiti.

Sasa tuumalize ule ugomvi. Aya hii imeandikwa kwa mkono, wewe ukisaini kitabu cha wageni.

"Baba, sema ukweli," katibu alimwambia mwenyekiti. "Unaogopa."

Mwenyekiti akaigeuzageuza kofia yake. "Nilimwona anasukumwa kwenye kile kitanda, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Sitaki kuona tena."

"Mimi nimeona mara mbili. Nitakaa na wewe pale benchini."

Akaivaa kofia. Halafu akasema, "Andika. Wa kwanza awe wangu."

Mgeni rasmi, muhuri tunakuachia wewe. Tarehe hatuzingoji. Nesi yuko pale mezani, kitabu cha miadi kiko wazi. Mwenyekiti, simama, peleka kadi. Na nyie wazazi watatu, mfuateni. Tunaomba makofi yasubiri mpaka nesi amalize kuandika.

Mungu akuzidishie afya, akulindie na masikio ya watoto wako.

Ni sisi, Kikundi cha Kitunguu, familia kumi na moja, nne zikiwa kwenye foleni.