Mwalimu Walburga na Swali la "Umejuaje?"

Jumatatu, tarehe 30 Juni, Mwalimu Walburga Haule atakabidhi funguo za ofisi yake hapa chuoni kwetu Songea, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Misingi ya Maarifa na Hoja. Ni somo ambalo wanachuo huliogopa kabla hata ya kuliona. Yeye huwatoa hofu kwa kuwaambia kwamba wote wanalijua tayari, kisha anawauliza wamejuaje kwamba wanalijua, na hapo kipindi kinakuwa kimeanza.

Swali hilo halikuishia darasani. Ukiingia ofisi ya walimu ukasema basi la Tunduru limechelewa, lazima akuulize umejuaje. Umeliona, au umeambiwa? Aliyekuambia ameliona? Au ni kwa kuwa jana lilichelewa, na juzi pia, basi na leo tumeshalihukumu? Mimi mtoto wa kijijini Nalasi, niliyezoea kupokea habari kama zilivyokuja, mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikimwona kwa mbali nabadili njia. Wenzangu wengine hawajaacha kubadili njia hadi leo. Tuseme kweli tu: saa ya chai, kiti cha jirani yake mara nyingi kilikuwa kitupu.

Wakongwe mnakumbuka lile turubai la mtaani kwake Mfaranyaki. Mumewe, Mzee Gaspari, fundi seremala, alikuwa ameugua wiki nzima. Siku hiyo Mwalimu hakuja kazini, simu yake haipatikani, na mwenzetu Joachim akapita na bodaboda akaona turubai linafungwa nje ya nyumba yao na viti vinashushwa. Basi, kwisha habari. Akina mama wakajifunga khanga, tukabeba unga na sukari, kilio kikaanzia kona ya barabara. Tulimkuta Mzee Gaspari mwenyewe amesimama chini ya turubai, anawaelekeza vijana wakaze kamba vizuri kwa ajili ya harusi ya jirani. Alitupa pole na kutuuliza kwa upole nani amefariki.

Mwalimu, aliyekuwa ndani akisaidia mapishi na simu yake imeisha chaji, alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata tukawa mfano darasani: wakufunzi wenu waliamini, walikuwa na ushahidi, hata machozi yao yalikuwa ya kweli, lakini hawakujua. Kuamini ni kitu kimoja, kujua ni kingine, na kati yake kuna kazi ya kufanya. Unga haukurudishwa. Wanachuo walioisikia hadithi hiyo leo wako mashuleni na mahakamani mkoa mzima, na wanafahamika kwa kutokuwa na haraka ya kuhukumu.

Miaka mitatu iliyopita Mzee Gaspari alifariki kweli. Mwalimu alitupigia simu mwenyewe, mmoja mmoja, ili asiwepo wa kubahatisha. Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Tulichokuwa hatukijui ni kwamba yule mzee ndiye aliyekuwa mbishi wake. Kila jioni alikuwa akimkatalia jambo moja, hata kama ni kwamba jua litachomoza kesho, na chakula kinapoa hoja zikiendelea. Sasa nyumba iko kimya. Watoto wako Dodoma na Mbeya, wanapiga simu kila Jumapili na kumkubalia kila kitu, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa. Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia kufunga vitabu vyake, akaniambia bila kuinua uso: "Azizi, siogopi kukosea. Naogopa kukosa wa kunikosoa."

Iliniuma, na bado inaniuma.

Shikamoo, Mwalimu. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante kwa kila jibu letu ulilolikataa. Tunakuombea afya, mvua za kutosha shambani kwako, na miaka mingi myema. Tena tumeahidi kuja kukutembelea. Ahadi hiyo tumewapa wastaafu wengi kabla yako, na unajua walivyosubiri. Kwa hiyo usituamini kwanza. Jumamosi asubuhi wewe bandika chai tu, nakuja kukubishia.